Gari ya Kuvuta Inadunda Ikiwa Tupu: Namna ya Kuilainisha Bila Kuipunguzia Nguvu

Hapa gereji kwetu Mwanakwerekwe, Unguja, kosa hili nimelirekebisha mara nyingi mno, na kila mara huanza vivi hivi. Mtu ana gari ya kuvuta, Kenta ya kuchukulia magari mabovu au Land Cruiser ya kuteremshia boti pwani. Ikiwa na mzigo inakwenda vizuri. Akirudi mtupu, kila tuta linamrusha kitini, kiuno kinamuuma, na vyombo vinagongana nyuma. Anakwenda kwa fundi, fundi anachomoa chuma kimoja cha springi, wakati mwengine viwili. Wiki ya kwanza anafurahi. Kisha unakuja mzigo wenyewe, nyuma inakaa chini, taa zinamulika vilele vya minazi, na siku moja springi inakatika njiani.

Springi iwe kitu cha mwisho kugusa. Mwongozo huu unaanza na mambo ya bure, unakuja ya bei nafuu, halafu ndiyo yenye gharama. Fuata mpangilio, na kila ukimaliza hatua moja ijaribu gari kabla hujaenda nyengine. Wengi wenu hamtafika mwisho, kwa sababu gari itakuwa imeshatulia.

## Jua kwanza kinachodunda

Springi na tairi za gari ya kuvuta zimepimiwa siku ya mzigo. Tuseme ekseli ya nyuma inabeba kilo 900 gari ikiwa tupu na kilo 2,700 ikiwa imejaa. Springi ni zile zile, lakini uzito umebaki theluthi. Kwa hesabu, nyuma itatikisika haraka mara 1.7 kuliko ikiwa na mzigo. Huo ndio mdundo mfupi mfupi unaoingia kwenye uti wa mgongo.

Mdundo huo hauondoki wote, na atakayekuahidi kuuondoa wote anakuuzia gari isiyoweza kuvuta. Kinachoondoka ni ugumu uliojiongeza juu yake: upepo uliozidi, springi zilizoshikana kwa kutu, bushi (vile vikombe vinavyokaa baina ya pini na springi) zilizofungwa vibaya na shokapu zisizofaa. Kwa magari ninayoyaona mimi, ugumu huu wa kujiongeza ndio sehemu kubwa ya maumivu.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwa hatua za mwanzo: geji ya upepo inayoaminika, chaki nyeupe, kalamu na karatasi.

Kwa kazi ya chini ya gari: jeki ya tani zinazotosha, stendi mbili za chuma, kabari za kuzuia tairi, seti ya boksi spana, toki renchi, bomba la grisi, brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu.

Kwa kufungua springi: klempu mbili kubwa, yu-bolti mpya (zile za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli), senta bolti mpya (inayopita katikati ya vyuma vya springi), grisi yenye grafaiti na rangi ya kuzuia kutu.

Stendi si kitu cha kukosa ukaendelea na kazi. Matofali hupasuka ghafla na jeki hushuka bila taarifa. Kama huna stendi, fanya hatua mbili za mwanzo tu na hizo nyengine mpelekee fundi mwenye nazo.

## Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja cha barabara

Tafuta kipande kisichozidi kilomita mbili chenye tuta, mashimo madogo na sehemu ya kifusi. Kijaribie hicho hicho kila mara, kwa mwendo ule ule, gari ikiwa tupu na tangi la mafuta likiwa katika kiwango kile kile. Lipande tuta kwa kilomita 20 kwa saa na umuweke mtu nje ahesabu nyuma inadunda mara ngapi kabla haijatulia. Andika.

Bila ya kipimo hiki utadanganyika. Barabara ya Bububu si ya Fumba, na dereva aliyelala vizuri huiona gari laini kuliko aliyechoka.

## Hatua ya 2: Upepo wa tairi

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo ushindi mkubwa ulipo na ndipo watu wengi wanapopapita mbio.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni upepo wa mwisho, wa kubebea uzito wa mwisho. Si upepo wa kutembelea kila siku. Chukua tairi ya LT265/70R17 iliyoandikwa 121/118. Hiyo 121 maana yake tairi moja ikiwa peke yake inabeba kilo 1,450 inapojazwa psi 80. Mbili ni kilo 2,900. Kama ekseli yako ya nyuma tupu ina kilo 1,000, tairi zako zimejazwa kwa uzito ambao haupo. Mpira umekuwa jiwe, na kila kokoto inapita moja kwa moja hadi kitini.

Fanya hivi:

1. Pima asubuhi kabla gari haijatembea. Tairi iliyotembea ina joto, na upepo wake unasoma juu. Ukiupunguza hapo, kesho utakuta umepungua kupita kiasi.

2. Tafuta kibati kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani na maandishi yake ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka. Zikiwa za kPa, gawa kwa 7 upate psi kwa makisio: 600 ni karibu na 86, 350 ni 50. Kama kibati kina namba mbili kwa tairi za nyuma, ndogo ni ya gari tupu. Hiyo ndiyo yako, na kazi ya hatua hii imekwisha.

3. Kama kibati kimefutika au tairi si za saizi ya asili, ipeleke gari tupu kwenye mzani upime kila ekseli peke yake. Uzito wa kila ekseli ndio utakaompa muuza tairi uwezo wa kukusomea jedwali la tairi hiyo.

4. Punguza upepo wa nyuma psi 5 kwa wakati mmoja. Chora mstari mnene wa chaki kukata upana wote wa tairi, endesha mita mia moja kwenye lami iliyonyooka, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati na kubaki pembeni, upepo bado mwingi. Ikifutika upana wote sawasawa, umefika. Ikifutika pembeni na kubaki katikati, umevuka mpaka, rudisha psi 5. Chaki hii haisemi kweli kwenye tairi iliyokwisha upande mmoja.

5. Hakikisha kwa joto. Endesha nusu saa, kisha pima tena. Upepo ukipanda zaidi ya psi 6 kuliko wa asubuhi, tairi inajikunja mno, ongeza. Tairi yenye upepo mdogo inapata moto, na moto ndio unaoipasua.

Kwa tairi ya aina ile niliyoitaja mimi sishuki chini ya psi 35, hata chaki ikiniambia niendelee.

Tahadhari mbili. Kwanza, usishushe tairi za mbele kwa kiwango kile kile. Injini iko mbele siku zote, mzigo uwepo usiwepo, na mbele ikiwa laini mno usukani unakuwa mzito na gari inayumba. Pili, kwa Kenta zenye tairi mbili mbili nyuma, zote nne ziwe na upepo sawa. Ya ndani ikipungua, ya nje inabeba peke yake, na hiyo ya ndani haionekani mpaka ianze kunuka.

Wakati uko hapo chini, soma tarakimu nne za tarehe ya tairi ubavuni mwake. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee hukauka ukawa mgumu hata ukiwa na kashata (meno ya tairi) nzima, na hakuna upepo utakaoulainisha.

Umefaulu ukiona: kokoto na nyufa ndogo za lami hazisikiki tena kitini. Tuta bado litarusha, hilo ni la hatua za mbele.

## Hatua ya 3: Pini, shekeli na bushi

Springi inapobanwa hurefuka. Kwa hiyo upande mmoja, mara nyingi wa nyuma, imeshikwa na shekeli, ile pingu inayocheza ili springi ipate nafasi. Shekeli ikiganda kwa kutu, springi haina pa kwenda, na gari nzima inaruka badala yake.

Weka kabari, nyanyua chesisi, weka stendi chini ya chesisi ili ekseli ining'inie. Kama gari yako ina nipo za grisi (vile vichuchu vya kupigia grisi) kwenye pini, zisafishe na upige grisi mpaka ile chafu itoke na mpya ionekane pande zote mbili. Nipo isiyokubali grisi imeziba. Ibadilishe, haigharimu kitu. Pini ikiwa imenyonya maji ya chumvi miaka mingi huenda ikahitaji kung'olewa kwa nyundo na moto mdogo, na hapo badilisha pini na bushi pamoja.

Magari yenye bushi za mpira hayapigwi grisi, na mafuta yanauharibu mpira. Tazama kama mpira umepasuka au chuma kinagusa chuma.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulikosea. Nati za bushi za mpira zikazwe tairi zikiwa zimekanyaga chini. Mpira wa bushi hauzunguki, unajipinda. Ukiukaza ekseli ikiwa inaning'inia, siku ukishusha gari mpira unakuwa umeshajipinda, unaisukuma springi muda wote, na baada ya miezi unachanika. Gari iliyotoka gereji na bushi mpya ikawa ngumu kuliko ilivyokwenda, hiki ndicho cha kwanza kukagua. Legeza nati zote, shusha gari, itikise, kisha kaza.

Tazama pia shekeli imelalia wapi gari ikiwa tupu chini. Iwe na nafasi ya kusogea nyuma springi inaporefuka. Ikiwa imelala upande usiofaa au inagusa chesisi, mtu aliweka springi isiyo ya gari hiyo.

## Hatua ya 4: Shokapu

Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuzima mdundo. Kwa hiyo ikiwa imekufa nyuma itadunda mara tatu nne baada ya tuta, na ikiwa ngumu mno haitadunda hata kidogo, lakini pigo la kwanza litakuwa kama nyundo. Karatasi yako ya hatua ya 1 inakwambia uko wapi. Mdundo mmoja na nusu ndio unaotakiwa.

Kusukuma bodi kwa mikono, kama wanavyofanya kwa gari ndogo, hakukwambii kitu kwa gari nzito. Njia nzuri ni hii: endesha robo saa kwenye barabara mbaya, simama, zipime kwa kiganja kwa kuzigusa upesi. Shokapu inayofanya kazi inageuza mtikisiko kuwa joto. Iliyo baridi haifanyi kitu. Iliyolowa mafuta mwilini imekwisha, hata kama bado ina uvuguvugu.

Unapokwenda duka la spea, usiombe "ngumu ya gari ya mzigo". Hilo neno ndilo linalowaletea watu shokapu inayowaumiza. Omba ya kiwango cha kiwandani kwa gari yako, au ile yenye kitufe cha kurekebisha ugumu kama mfuko unaruhusu, maana hiyo unailegeza ukiwa mtupu na kuikaza siku ya kuvuta. Beba vipimo: kutoka tundu hadi tundu gari ikiwa chini, na urefu ekseli ikining'inia. Shokapu fupi hugonga mwisho wake kwa juu kila ukitoka kwenye tuta, na mlio huo watu huulaumu kwa springi.

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Na bushi zake nazo zikazwe gari ikiwa chini.

## Hatua ya 5: Kuzifungua springi zilizoshikana

Visiwani kwetu hii ni hatua nzito kuliko kwengine, hasa kwa gari zinazoteremsha boti Nungwi na Kizimkazi. Ekseli ya nyuma inaingia baharini, maji ya chumvi yanapenya baina ya vyuma, gari inaegeshwa juani. Baada ya mwaka vyuma sita vinafanya kazi kama kipande kimoja.

Springi ya tabaka hutegemea vyuma kuteleza juu ya vyenzake. Tazama ncha za kila chuma. Ukiona alama ya kung'aa pale kinapogusana na kinachofuata, vinateleza. Ukiona kutu ya rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na vyuma vimevimba kwa magamba, vimeshikana.

1. Weka stendi chini ya chesisi, na jeki chini ya ekseli kuibeba. Toa tairi.

2. Fungua shokapu upande wa chini, kisha yu-bolti, kisha pini za pande mbili. Toa springi nzima. Fanya upande mmoja kwa wakati, ili ule mwengine ubakie kuishika ekseli mahala pake.

3. Kabla ya kugusa senta bolti, ibane springi kwa klempu mbili, moja kila upande wa bolti hiyo. Vyuma vina mpindo tofauti na vimebanwa kwa nguvu. Ukifungua bila klempu vinafyatuka, na nimeona kidole kilichovunjika kwa namna hiyo. Zilegeze klempu kidogo kidogo kwa zamu.

4. Panga vyuma chini kwa mfuatano wake na uvipigie picha. Piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kagua kila kimoja kwenye mwanga, hasa kuzunguka tundu la katikati: ufa mwembamba kama unywele unatosha kukikataa.

5. Paka rangi, iache ikauke. Kisha paka grisi ya grafaiti nyembamba kwenye sehemu za kuteleza tu, na ufute inayotoka pembeni. Grisi nyingi inashika mchanga, na mchanga wetu ukichanganyika na grisi unakuwa msasa. Ukipata vipande vya plastiki ngumu vya kuweka kwenye ncha za vyuma, hivyo ni bora zaidi kwa gari ya pwani.

6. Rudisha kwa senta bolti mpya na yu-bolti mpya. Yu-bolti iliyokwisha kukazwa mara moja imeshavutika, haishiki tena vile vile. Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kaza tena baada ya kilomita 100, na tena baada ya 1,000.

Usikubali chuma cha springi kichomewe kwa welding wala kikunjwe kwa moto. Ugumu wa chuma hicho umetokana na namna kilivyopikwa na kupozwa kiwandani. Moto wa gereji unaufuta, na kitakatika pembeni ya ule mchomeo.

Umefaulu ukiona: gari imeshuka sentimita moja au mbili nyuma, na tuta linasikika kama msukumo mmoja wa duara badala ya pigo.

## Hatua ya 6: Hesabu vyuma, halafu ndiyo uamue

Wakati springi iko chini, hesabu. Gari nyingi ziliwahi kubeba mchanga na mawe ya kujengea kabla hazijawa za kuvuta, na mwenyewe wa zamani aliongeza chuma kimoja au viwili. Hivyo vya kuongezwa vinajulikana: unene si sawa na vyenziwe, kukatwa kwake ni kwa mkono, na mara nyingi havina vishikio. Hivyo viondoe, kama idadi inayobaki ni ile ya kiwandani na kazi yako haipiti uzito wa kiwandani.

Chini ya idadi ya kiwandani usishuke. Ukitoa chuma kimoja kati ya vitano, vinne vilivyobaki vinabeba kazi yake kila siku, na cha juu chenye masikio ndicho kinachoishika ekseli mahala pake. Kikikatika huna breki ya kukuokoa wala usukani.

Kile chuma kinene kilichonyooka cha chini kabisa mara nyingi hakigusi kitu gari ikiwa tupu. Watu hukitoa wakidhani wamelainisha, na hawajalainisha kitu. Wamejinyima msaada wa siku ya mzigo tu.

## Hatua ya 7: Mifuko ya upepo, kwa anayetaka zaidi

Mifuko ya mpira inayowekwa baina ya ekseli na chesisi inauzwa kama dawa ya kudunda. Peke yake haiponyi, kwani inaongeza nguvu juu ya springi zilizopo. Faida yake inakuja ukiwa umerudi kwenye springi za kiwandani zilizo safi na unahitaji msaada siku moja moja. Unaijaza ukifunga mzigo, unaipunguza ukirudi mtupu.

Kila mfuko uwe na bomba lake. Ukiunganisha miwili kwa bomba moja, upepo utahama upande mmoja kwenye kona na gari italala. Usiiache bila upepo kabisa, fuata kiwango cha chini cha mtengenezaji, la sivyo mpira unajikunja na kujikata. Mabomba yapite mbali na bomba la moshi.

## Uzito wa kudumu na kiti

Kwa gari nyepesi nyuma, kilo 100 hadi 150 zilizofungwa imara mbele kidogo ya ekseli ya nyuma husaidia sana: sanduku la vyombo, tairi ya akiba, viroba vya mchanga. Usiviweke nyuma ya ekseli kwenye gari yenye winchi na mkono wa kunyanyulia, maana uzito wa huko unaipunguzia mbele mguso wa barabara. Na ukumbuke kuuhesabu ndani ya mzigo unaoruhusiwa.

Kiti kilichokwisha sponji kishonwe upya na sponji nzito, na raba za kibini zikaguliwe. Dereva anayeshuka Mkoani, Pemba, na kupanda vilima hadi Konde na kurudi siku moja anastahili hilo kabla ya redio mpya.

## Siku ya kuvuta

Ule upepo uliopunguza haufai kwa mzigo. Kabla ya kuifunga tela au kunyanyua gari ya mtu, rudisha upepo wa mzigo kwenye tairi za nyuma, jaza mifuko kama unayo, kaza shokapu kama ni za kurekebishwa. Kwa tela ya boti, uzito unaokaa kwenye ndoana uwe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela na boti yake. Ukiwa mdogo tela inacheza mkia, ukizidi nyuma inazama hata springi ziwe nzima.

Ukitoka baharini, mwagia maji matamu springi na breki siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijakauka.

Upepo wa mtupu na upepo wa mzigo viandike kwa rangi ndani ya mlango wa dereva, mbele na nyuma, ili na mtu mwengine anayeazima gari asilazimike kukisia.